Sufuria Mbili Jikoni: Sembe, Kisukari na Historia ya Chungu cha Familia

Mwaka jana nilikwenda kumjulia hali kaka yangu mkubwa, mtumishi wa umma mstaafu, ambaye anaishi na kisukari kwa miaka kadhaa sasa. Ulipofika wakati wa chakula cha mchana nikaona jambo ambalo sijaacha kulitafakari. Jikoni palikuwa na sufuria mbili za mboga. Kubwa ilikuwa ya familia, na kando yake ugali mweupe wa sembe uliofura kama kichuguu. Ndogo ilikuwa na maharage yasiyoungwa, na kando yake kitonge cha ugali wa dona na mchicha uliochemshwa tu. Hicho kilikuwa chakula cha kaka, peke yake.

Tulipokaa mezani nilimsogezea mwanawe mdogo maharage ya baba yake. Mtoto akarudisha mkono. "Baba mdogo, hicho ni chakula cha wagonjwa." Kaka alicheka, kisha akaacha kula. Baadaye, tukiwa barazani, shemeji alinieleza kwa sauti ya chini: "Shemeji, nimechoka. Mkaa wa kupikia mara mbili sina. Na mwenyewe akituona tunakula chetu, usiku anaamka kuchota kwenye sufuria yetu."

Wengi wetu tunaijua nyumba hii. Ushauri ambao kaka alipewa kliniki ni sahihi kitabibu: apunguze wanga, aongeze mboga na jamii ya kunde, aache vinywaji vya sukari. Lakini ushauri huo ulimwendea mtu mmoja, ilhali sahani haikuwahi kuwa ya mtu mmoja. Hoja ya makala haya ni kwamba ugali mweupe tunaouona kuwa chakula chetu cha asili uliwekwa mezani petu na historia: ajira ya kikoloni, mashine za kusaga, na sera za nchi huru. Tukiijua historia hiyo tutaacha kumlaumu mgonjwa kwa ulafi, tutaacha kumtenga kwa sufuria yake ndogo, na tutauliza nani mwingine anawajibika.

Kabla ya sembe

Tuanze na jina. Mahindi hayakuzaliwa hapa. Ni zao la bara la Amerika, lililovuka bahari baada ya Wareno kuanza safari zao katika pwani zetu katika karne ya 16. Jina tulilolipa lafanana na majina ya vitu vingi vilivyofika kwetu kwa majahazi: tulilihusisha na India, kama kwamba kila kigeni chatoka upande huo. Muhogo nao ulitoka huko huko Amerika.

Nafaka zilizozaliwa katika ardhi ya Afrika ni mtama, ulezi na uwele. Kwa muda mrefu hizi ndizo zilizojaza maghala ya sehemu kubwa ya bara, kuanzia nyanda kavu za kati hadi kandokando ya Ziwa Viktoria. Zilivumilia ukame. Zilisagwa kwa jiwe au kutwangwa kwa kinu na mchi, na unga wake ulibaki na sehemu kubwa ya ganda la punje. Ziliandamana na kunde, mbaazi, choroko, majani ya porini, samaki wa kukauka, na maziwa kwa wafugaji.

Sisemi kwamba zamani palikuwa peponi. Njaa ilikuwapo na watoto walikufa kwa maradhi ambayo leo tunayatibu kwa vidonge. Wala si kweli kwamba unga mweupe ni uzushi wa mashine. Akina mama walijua kuyakoboa mahindi kinuni, kuyaloweka, kuyatwanga na kuyaanika mpaka upatikane unga laini. Lakini kazi hiyo ilikula siku nzima ya mwanamke, hivyo unga mweupe ulibaki kuwa wa nadra. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni kwamba kitu cha nadra kilifanywa cha kila siku.

Posho

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mashamba makubwa yakaenea Tanga na kwingineko, nayo yalihitaji mikono. Vijana walitoka mbali, wakaacha mashamba na wake zao, wakaishi kambini. Mtu anayekata mkonge kutwa hana muda wa kulima ulezi wala hana mtu wa kumtwangia. Mwajiri akampa posho, yaani chakula kilichopimwa, na mara nyingi chakula hicho kilikuwa unga wa mahindi.

Kwa nini mahindi? Kwa hesabu ya mwajiri yalikuwa na faida zote. Yalitoa mavuno mengi, ndege hawayashambulii kama wanavyoushambulia mtama kwa sababu punje zimefunikwa, na yalisafirishwa na kupimwa kwa urahisi. Nchini Kenya walowezi waliyalima kwa ajili ya soko, na mahindi meupe ndiyo yaliyotawala. Magereza, majeshi, reli, migodi na shule za bweni vililishwa hivyo hivyo. Mpaka leo nchini Uganda ugali huitwa posho. Jina la mgao wa kibarua likawa jina la chakula cha taifa zima.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa watatabasamu, maana kwetu neno lile lile sasa ni fedha ya kikao. Lakini chimbuko lake tusilisahau: chakula kilichochaguliwa na anayelisha, kwa kigezo cha gharama na nguvu za kazi, bila kujali aliyekula atakuwa na afya gani akifika miaka 60.

Wakati huo huo serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima kwa sheria ndogondogo walime muhogo na mtama kama akiba ya njaa. Nia inaweza kueleweka, lakini matokeo yake katika fikra zetu yalikuwa mabaya. Nafaka ya mababu ikapata sifa ya chakula cha shida, cha kulazimishwa, cha washamba. Unga mweupe ukawa chakula cha mwenye mshahara. Mtoto wa kaka alipoita maharage na dona "chakula cha wagonjwa", alikuwa akirithi dharau yenye umri mkubwa kuliko baba yake.

Ruzuku na unga wa Yanga

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kampuni kubwa za kusaga nafaka zilitaifishwa, likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, lililojulikana zaidi kwa kifupi chake, NMC. Lengo lilikuwa la haki: mwananchi wa kawaida apate chakula kwa bei anayoimudu. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1973 na 1974, na nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Serikali ikaendesha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona na kuhimiza mahindi kwa mbegu na mbolea. Katika miaka hiyo ya uhaba, mahindi ya njano ya msaada yalipofika, wananchi walicheka na kuyapa jina: unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi. Walikula kwa kunung'unika, wakiusubiri mweupe urudi.

Na mweupe ulirudi kwa nguvu ya dola, kwa kuwa sembe iliuzwa mijini kwa bei iliyobebwa na ruzuku ya serikali mpaka ruzuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1984. Fikiri maana yake kwa mama wa mjini. Sembe ilikuwa laini, iliiva upesi, ilikaa muda mrefu bila kuchacha, na bei yake ilisaidiwa. Ulezi na mtama havikubebwa hivyo. Mama huyo alichagua kwa akili. Tulichokiita baadaye mazoea ya Mtanzania kilikuwa, kwa sehemu kubwa, jibu la busara kwa bei.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea ndani ya mashine. Punje ya hindi ina sehemu tatu: ganda la nje, ambalo ndilo pumba, kiini, chenye mafuta na virutubisho, na sehemu kubwa ya katikati, ambayo ni wanga. Kukoboa huondoa ganda na kiini. Kiini kinaondolewa pia kwa sababu mafuta yake huufanya unga uchache mapema, jambo ambalo mfanyabiashara halitaki. Kinachobaki ni wanga uliosagwa laini, ambao tumbo hulugeuza kuwa sukari kwa haraka. Pumba tukawapa kuku na ng'ombe, nasi tukabaki na kile ambacho mwenye kisukari anaambiwa akiogope.

Simlaumu Mwalimu wala NMC. Adui wa wakati ule alikuwa njaa na utapiamlo. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1975 redio ilitangaza kampeni ya Chakula ni Uhai. Lakini sera hudumu katika matumbo ya watu hata baada ya kufutwa katika vitabu vya bajeti. Ruzuku iliondoka. Ladha ilibaki.

Elimu iliyotoka kwetu

Kuna sehemu ya historia hii ambayo wanafunzi wangu hushangaa kuisikia. Daktari Mwingereza Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30 kuanzia mwaka 1929. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji nchini Uganda. Wote wawili waliona wodini kwamba maradhi yaliyowajaza Waingereza hospitalini kwao, kisukari kikiwemo, yalikuwa nadra miongoni mwa Waafrika wa vijijini waliowatibu. Mwaka 1975 walihariri pamoja kitabu kuhusu vyakula vya wanga vilivyokobolewa na maradhi, kitabu kilichosaidia kuifanya dunia izungumze juu ya nyuzinyuzi za chakula.

Hoja yao haikueleza kila kitu. Leo tunajua kwamba unene, kutotembea, umri na urithi wa familia vina nafasi kubwa katika kisukari cha aina ya pili. Hata hivyo tazama mzunguko wake. Elimu ya nyuzinyuzi ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya sahani za wanavijiji wa Afrika Mashariki. Ikaenda Ulaya, ikaandikwa vitabuni, ikarudi kwetu katika pakiti za nafaka zisizokobolewa zinazouzwa ghali madukani. Tulichokitupa tukiambiwa ni cha kishamba, tunauziwa kama tiba.

Watafiti wetu nao walipima. Mwaka 1989 Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walichapisha uchunguzi wa zaidi ya watu 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea katika vijiji 6 vya Tanzania. Waliokuwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta takriban asilimia 6 ya watu wazima katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam wana kisukari, huku katika kijiji kimoja cha Kilimanjaro wakiwa chini ya asilimia 2. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulitoa asilimia 9.1. Chunguzi hizi zilitofautiana kwa umri wa watu na namna ya kupima, kwa hiyo tusizilinganishe kama hesabu za duka moja. Lakini mwelekeo wake hauhitaji mkalimani. Katika maisha ya kizazi kimoja, ugonjwa wa nadra umekuwa ugonjwa wa jirani, na kwa wengi wetu, wa nyumbani.

Chungu kimoja

Turudi jikoni kwa shemeji. Kosa la sufuria mbili ni la kiafya kabla ya kuwa la kijamii. Kisukari cha aina ya pili hutembea katika familia. Mtoto aliyeurudisha mkono mezani ni miongoni mwa wanaohitaji kukingwa, naye ndiye tuliyemwachia sufuria kubwa. Na mgonjwa anayekula peke yake mezani pake mwenyewe hatadumu na mlo huo. Ataamka usiku.

Nilimpendekezea shemeji chakula kimoja ambacho historia yetu haikukitupa chote: makande, ambayo baadhi ya watu huyaita pure, na majirani zetu Wakikuyu wana githeri inayofanana nayo. Najua wengi wa rika langu wanayachukia. Makande ya shule ya bweni yalikuwa mahindi matupu yaliyoogelea pamoja na maharage machache na wadudu wao. Lakini chungu chenyewe hakina hatia. Kinachotakiwa ni kugeuza uwiano.

Kwa familia ya watu sita, chukua kikombe kimoja cha mahindi makavu yasiyokobolewa na vikombe viwili vya maharage. Yachambue kwa makini, utupe punje zilizovunda au zenye ukungu. Sumukuvu si jambo la mzaha, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Loweka kila kimoja katika chombo chake usiku kucha, kisha umwage maji. Anza kuchemsha mahindi peke yake kwa muda wa saa moja, uongeze maharage, uache vyote viive mpaka vilainike. Katika chombo kingine kaanga vitunguu na vitunguu saumu kwa vijiko viwili vya mafuta, weka nyanya, karoti na pilipili hoho, umimine chunguni. Mwishoni tia fungu kubwa la mchicha au majani ya kunde, na chumvi kidogo.

Punje nzima iliyochemshwa humeng'enywa polepole kuliko unga laini, na maharage huleta protini na nyuzinyuzi. Hata hivyo makande bado yana wanga, na kipimo ni sehemu ya mapishi. Kwa mwenye kisukari, kikombe kimoja kilichopikwa ni mwanzo mzuri, na nusu ya sahani iwe mboga za majani au kachumbari. Wengine wapakue zaidi kwa kadiri ya kazi zao, lakini kutoka chungu kile kile. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza wanga ghafla, maana sukari ikishuka kupita kiasi nayo ni hatari. Na siku ya ugali, uwe wa dona au ulezi kwa wote, mdogo kuliko mboga zake. Dona nayo si dawa: mlima wa dona bado ni mlima.

Nani alipe mkaa?

Mtu atasema: mhadhiri, makande hula mkaa. Ni kweli, na hii ndiyo pingamizi ninayoiheshimu kuliko zote. Ugali huiva kwa robo saa. Makande hudai saa mbili na zaidi. Kuloweka hupunguza muda, na sufuria ya presha hupunguza zaidi, lakini si kila nyumba inayo. Unga mweupe ulishinda kwa sababu uliokoa muda wa mwanamke na kuni zake. Kumwambia mwanamke huyo huyo arudi nyuma, huku wanaume tukisubiri mezani, ni kuongeza dhuluma juu ya ugonjwa. Kaka yangu mstaafu ana mikono miwili na asubuhi ndefu. Kuchambua maharage hakuhitaji cheti.

Lakini mikono ya kaka haitoshi. Dola iliyoweza kuifanya sembe iwe rahisi inaweza kufanya vingine viwe rahisi pia. Shule za bweni, magereza, vyuo na hospitali hununua chakula kwa fedha ya umma. Mahali pa kuanzia ni katika zabuni zake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili maradhi na kuchimba vyoo. Hawakuambiwa kila mmoja ajitibu kimya kimya nyumbani kwake. Waliketi pamoja. Kisukari hakijapata kampeni ya namna hiyo. Kimepata semina, na katika semina hizo, ndugu zangu watumishi wa umma, tunajua tunachoandaliwa wakati wa mapumziko: soda baridi na maandazi, kisha tunasaini posho.

Nilirudi kwa kaka miezi michache baadaye. Sitadai kwamba sukari yake imekwisha, kwa kuwa kisukari hakiondoki kwa chungu kimoja. Anameza dawa zake na kuhudhuria kliniki. Lakini jikoni niliikuta sufuria moja. Mtoto alilalamika kwamba makande yanachosha taya, kisha akaomba aongezwe. Baba yake ndiye aliyempakulia.